Askari Ambaye Kristina Hakumla

Fundi Alois hajui kukaa kimya, na hilo mtu yeyote anayesukuma baiskeli mbovu karibu na geti la chuo pale Mazimbu atakuambia kabla hujamuuliza. Anaongea huku anaziba pancha, anaongea spoku zikiwa zimebanwa kwenye meno, anaongea na pampu. Jioni akishafunga sanduku lake la vifaa anavuka barabara kwenda kijiweni kucheza drafti, na hapo ndipo mdomo unapofunguka kweli kweli. "Kula! Kula hiyo, mbona unaikodolea macho? Nimekupikia mwenyewe!" Nusu ya watu anaowafunga hawafungwi na kete, wanafungwa na kelele.

Sasa mtu wa namna hiyo, jamani, alikwenda kutafuta nini kwenye mashindano ya sataranji, mchezo ambao watu wazima wanakaa saa mbili wakitazamana bila kusemeshana? Subiri nikueleze. Maana hata mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilidhani wananitania.

Alois ni mtu wa Mgeta, kule juu ambako shamba limeinama hata ukidondosha kabichi unakwenda kuliokota kwa jirani. Ujana wake wote ulikuwa kuteremsha matenga ya karoti na njegere kwa njia za miguu hadi barabarani, halafu kusubiri lori la Dar. Lori lilikuwa linakuja linapotaka. Vijana wakisubiri walichora ubao wa drafti kwa mkaa kwenye kipande cha mbao, wakaokota vizibo vya soda: hawa vizibo vyao vimetazama juu, wale vimetazama chini. Hapo ndipo alipojifunza kila anachokijua kuhusu akili za watu. Na sheria ya kwanza aliyoijua, hata kabla ya kujua kusogeza kete vizuri, ni kwamba kwenye drafti kula ni lazima. Ukiwekewa kete mbele yako na nyuma yake pako wazi, utake usitake unaila. Mjanja ni yule anayekulisha moja ili yeye ale tatu.

Akashuka mjini Morogoro, akawa fundi baiskeli, akamwoa Filomena, wakapata mtoto mmoja tu, Kristina. Mtoto alipofika miaka sita baba yake akamfundisha drafti. Kila walipoanza, Alois alisukuma kete yake moja ya pembeni hadi mdomoni mwa kete ya mtoto, akasema, "Haya, anza na kete ya baba." Kristina alikuwa anaila huku anacheka, kila siku, kana kwamba hakujua kuwa itakuja. Filomena aliwaambia wote wawili kwamba akili zao ni sawa.

Alipoingia sekondari Kristina akafundishwa sataranji, akaipenda, akaachana na vizibo. Alois akamtania sana. "Mchezo gani huo, mtu anawekewa chakula mbele na anaruhusiwa kukataa? Huo ni utovu wa adabu!" Kristina alicheka. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Halafu ikaja siku ya basi.

Kristina alikuwa kidato cha tatu, ana miaka kumi na saba, na alichaguliwa pamoja na wenzake wanne kwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya shule. Basi lilikuwa linaondoka stendi ya Msamvu saa mbili asubuhi. Tiketi yake na barua ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi vilikuwa kwenye mfuko wa shati la Alois, kwa sababu Alois alisema mtoto atavipoteza. Mtoto akatangulia stendi na begi. Baba akapitia kijiweni kuchukua spana yake, akamkuta Geofrey, hasimu wake wa miaka yote, ameshapanga vizibo. Gemu moja tu, Geofrey akasema. Gemu moja tu, Alois akakubali. Unajua mwenyewe gemu moja ya drafti inavyokuwa.

Alipofika Msamvu saa mbili na nusu, basi lilikuwa limeshaondoka na mwalimu na wale wanne. Kristina alikuwa amekaa juu ya begi lake. Na Alois, badala ya kusema neno ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angelisema, alifanya alichozoea kufanya akibanwa. Alitania. "Dar haihami, mwanangu, hata kesho itakuwepo," akasema. Kisha akaongeza, Mungu amsamehe, "Lakini Geofrey nimemfunga!"

Kristina hakulia wala hakupiga kelele. Aliinuka, akabeba begi lake, akatembea hadi nyumbani.

Miaka minane ikapita. Usidhani binti alimkatia baba yake mawasiliano, la. Alimsalimia vizuri, shikamoo baba, akamletea shati kila Krismasi, akakaa saa mbili, akaondoka. Alisoma, akawa mwalimu wa hesabu huko Dumila, akawa anafundisha wanafunzi wake sataranji. Ila kila Alois alipojaribu kuifikia ile habari, hata kwa mbali, Kristina alisema, "Yameisha, baba," na kuinuka kutafuta viatu vyake. Yameisha, baba. Alois hakuelewa kitu kilichoisha kinawezaje kukaa nyumbani kwake miaka minane.

Alijaribu simu. "Niko darasani baba, nitakupigia." Akaenda Dumila mwenyewe. Kristina akampokea vizuri, akampeleka kula chakula cha mchana na walimu wenzake wawili, na Alois akiona watu wanamsikiliza hawezi kujizuia. Aliwachekesha wale walimu mpaka mmoja akapaliwa. Alirudi Morogoro na mfuko mkubwa wa vitunguu.

"Umemwambia?" Filomena akamuuliza.

"Nimekuletea vitunguu."

"Nilikutuma vitunguu? Alois, wewe mwanamume una matatizo."

Ndipo akaja Abdi. Abdi ni mwanachuo wa mwaka wa pili, baiskeli yake ina ugonjwa usiopona, na siku hiyo alikuwa na bahasha ya matangazo: mashindano ya sataranji ya mkoa, ukumbi wa chuo, mshindi wa kila kundi kwenda Dar. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kamati. Alois akauliza kama watu wa Dumila wanakuja. Abdi akasema yuko mwalimu mmoja wa kike, hatari sana. Alois akaweka pampu chini.

"Wakicheza, wanakaaje?"

"Wanatazamana, fundi. Mezani. Hata saa mbili."

"Na mmoja akitaka kuondoka?"

"Akiondoka ameshindwa."

Saa mbili! Ana kwa ana, hana pa kuchukulia viatu! Alois akaona mlango umefunguka. "Nifundishe," akasema. "Na uniweke kundi moja na huyo mwalimu." Abdi akamwuliza kwa nini. "Kuna neno ananidai," Alois akajibu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuongeza kitu.

Miezi saba walikaa pale getini chini ya bati la fundi, kati ya pancha na pancha. Alois aliteseka. Mwezi wa kwanza alikuwa anakula kete kwa kuziruka, kama drafti, na kila akirekebishwa anaapa kwamba haelewi. Ngome alimwelewa, anakwenda moja kwa moja. Askofu alimwelewa zaidi, kwa sababu anakwenda mshazari kama kete ya drafti. Lakini farasi! "Farasi gani huyu anakwenda hatua mbili halafu anakata kona? Amelewa?" Wale askari wadogo wa mbele ndio waliomchanganya kuliko wote, wanatembea wima lakini wanakula kwa upande. "Abdi, mtu anatembea huku, anakula kule. Huyu ana njaa au hana?"

Kitu kimoja tu kiliingia kichwani mara moja, kikakaa. Abdi alimwonyesha ufunguzi wa zamani. Unasogeza askari wa mbele ya mfalme hatua mbili. Mwenzako anafanya vivyo hivyo. Sasa wewe unamchukua askari wa jirani yake, unamsukuma naye hatua mbili, unamwacha mdomoni mwa adui, aliwe. Akiliwa, katikati panafunguka na jeshi lako linatoka. Wenyewe wanaita gambiti ya mfalme.

Alois alimtazama yule askari muda mrefu. "Hii naijua," akasema. "Hii ni kete ya baba." Tangu siku hiyo hakutaka kufundishwa ufunguzi mwingine. Abdi alimwambia kwamba kwenye sataranji mpinzani anaweza kukataa kumla, na Alois akaitikia, ndiyo, ndiyo. Ila Abdi mwenyewe, kila siku, alimla. Kwa hiyo kichwa cha Alois kiliambiwa, lakini mkono wake haukupata habari.

Na humo ndani ya kichwa, bila kumwambia mtu, akajitungia jambo. Atamsukuma yule askari mbele ya Kristina. Kristina atamkumbuka, atamla, atacheka kidogo. Hapo yeye atafungua mdomo na kusema neno lake. Aliona ni mpango usio na tundu.

Jumamosi ya mashindano alivaa shati la Krismasi. Ukumbini Kristina alimwona, akaja, akainama kidogo. "Shikamoo baba. Umemfuata nani?"

"Marahaba. Nimekuja kucheza."

Kristina akacheka kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya utani. Halafu akaenda kwenye karatasi ya majina ukutani, akasimama pale sana. Aliporudi akasema, "Sawa, baba." Alois aliigeuza hiyo sawa huku na huku. Sawa karibu? Sawa utaniona? 

Kisha msimamizi akasimama, Mwalimu Shakila, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha shule nzima. "Simu zimezimwa," akasema. "Na midomo nayo imezimwa. Atakayemsemesha mwenzake mchezo ukiendelea, mara ya kwanza onyo. Mara ya pili mchezo umekwisha, ameshindwa."

Alois akageuka polepole kumtafuta Abdi. "Abdi! Hukuniambia!"

"Fundi, nilidhani unajua," Abdi akanong'ona. "Watu wote wanajua."

Miezi saba! Amekuja kuongea na mtoto wake kwenye chumba pekee Morogoro nzima ambacho kuongea ni kosa. Alikaa kwenye kiti chake akiwa hajui acheke au atoke. Angetoka, Filomena angemuuliza kule nyumbani, na angemjibu nini?

Kundi lao lilikuwa la watu sita, kila mtu anacheza na kila mtu. Alois alifungwa na watu watatu mfululizo. Kufungwa hakukumsumbua, kilichomsumbua ni ule ukimya. Kijiweni alikuwa anajua mtu anafikiri nini kwa jinsi anavyojibu matusi. Hapa watu walikuwa wanamtazama tu, wanasogeza, wanabonyeza saa iliyo pembeni ya meza, na yeye anabaki kama mtu aliyeziba masikio kwa pamba. Mara mbili alisahau kuibonyeza hiyo saa, ikamlia dakika zake. Jumapili asubuhi alimfunga karani mmoja wa Kihonda, na hadi leo hawezi kukueleza alimfungaje.

Jambo lingine aliloliona ni jinsi Kristina anavyomaliza. Anampa mwenzake mkono, anasaini karatasi, anachukua mkoba, anatoka nje. Dakika moja haifiki. Kwa hiyo ile tamaa ya kwamba watazungumza baada ya mchezo nayo ikafa.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wao wawili. Abdi alimvuta pembeni kabla hajakaa. "Fundi, ujue hali ilivyo. Kristina akishinda huu, anakwenda Dar. Akitoka sare au akifungwa, anakwenda Daniel, yule mhadhiri wa kundi lenu." Alisema kwa nia njema, masikini, kumpa fundi habari. Alois akaenda kukaa. Dar. Yeye tena, ubao tena, na mtoto tena anasubiri safari.

Alipangiwa kete nyeupe, kwa hiyo yeye ndiye wa kuanza. Wakapeana mikono. Mkono wa Kristina ulikuwa wa baridi. Alois akasogeza askari wa mfalme. Kristina akasogeza wake. Alois akavuta pumzi, akamchukua yule wa jirani, akamsukuma hatua mbili, akamwacha pale, wazi, mdomoni. Kisha akainua macho kumtazama binti yake.

Kristina alimtazama yule askari. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama hatua ya pili ya mchezo. Midomo yake ikatikisika kidogo. Amekumbuka! Alois akajisemea. Amekumbuka, huyoo, mkono unakuja! Mkono ukaja. Ukampita askari. Ukamshika askofu, ukamtelezesha mshazari hadi katikati ya ubao, ukabonyeza saa.

Hakumla.

"Kula ni lazima!" Alois akasema, kwa sauti ya kijiweni, ukumbi mzima ukasikia.

Vichwa vikageuka. Mtu mmoja nyuma akacheka hadi akakohoa. Mwalimu Shakila akaja na daftari lake. "Mzee Alois, hapa si drafti. Hilo ni onyo la kwanza." Kristina alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika. Anacheka? Amekasirika? Anaona aibu mbele ya watu kuwa huyu ni baba yake? Alois angetoa baiskeli yake mwenyewe kulipata jibu, na kuuliza hakuruhusiwi.

Akaendelea kucheza hivyo hivyo, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Kila alichosogeza Kristina alikichukua kama jibu, na kila jibu hakulielewa. Yule askofu alikuwa anatazama moja kwa moja pale ambapo mfalme wa Alois alitaka kwenda kujificha, hivyo mfalme hakuweza kujificha. Je, ndiyo anamwambia kwamba safari hii hutorokei kwenye utani? Au askofu ni askofu tu? Na yule askari wake alikuwa bado amesimama pale, hakuna aliyemla wala aliyemjali. Alois alimtazama akamwonea huruma. Kumkataa mtu namna hii, mbele ya watu, ni bora angemtukana.

Wakafika katikati ya mchezo. Kristina akafikiri dakika kumi na zaidi, kidole kwenye nyusi, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo. Kisha akasogeza farasi, akabonyeza saa, akaegemea kiti.

Alois akatazama ubao. Akatazama tena. Akahesabu kwa macho, hatua mbili, kona. Farasi wake mwenyewe, yule mlevi, alikuwa anaweza kumla malkia wa Kristina. Malkia! Kete kubwa kuliko zote, imeachwa bure, haina mlinzi! Akahesabu mara ya tatu, kwa sababu farasi hamwamini. Ilikuwa kweli.

Mkono wake ukainuka wenyewe. Mtu aliyekula kwa lazima miaka thelathini na zaidi, mkono haumuulizi. Ulifika juu ya kichwa cha farasi ndipo akaukamata, maana ukigusa kete umeshaamua.

Mtoto amekosea, akawaza. Amechanganyikiwa kwa sababu yangu, kwa yale makelele yangu. Nikimla malkia, nashinda. Nikishinda, Dar imekwenda tena, na imekwenda kwa ajili ya gemu yangu tena. Nisipomla, atajua. Huyu ni mwalimu wa mchezo huu, ataona kwamba baba yake anamwachia kama alivyomwachia akiwa na miaka sita, na atainuka, atanipa mkono, atachukua mkoba. Nifanye nini? Alitafuta hatua ya tatu ubaoni, hatua ambayo si kula wala kuacha, hakuiona. Jasho lilimtoka hadi shati la Krismasi likalowa mgongoni. Saa ilikuwa inapunguza dakika zake na yeye hajui lolote, hajui kama anapendwa, hajui kama anachukiwa, hajui hata kama anajua kucheza.

Kitu kimoja tu alikuwa na hakika nacho, na alikuwa nacho mdomoni miaka minane.

"Kristina," akasema.

Mwalimu Shakila akainua kichwa. Kristina akafungua macho makubwa, akatikisa kichwa haraka, kama anayetaka kumwambia baba, usi...

"Siku ile tiketi ilikuwa mfukoni mwangu," Alois akasema. "Niliangalia saa, nikaona muda umefika. Nilijua, mwanangu. Sikusahau. Nilijua kabisa, nikasema nimalize gemu. Halafu nikaja nikakutania. Nimekukosea. Nisamehe."

 Mwalimu Shakila akaja, safari hii polepole, akasimamisha saa yao. "Onyo la pili, mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mchezo umekwisha. Mshindi ni Kristina."

"Sawa, mwalimu," Alois akasema. "Hiyo nimeielewa."

Akasubiri mkono, karatasi, mkoba. Kristina hakuinuka. Alikuwa anatazama ubao.

"Baba. Kwa nini hukumla malkia?"

"Ungekosa Dar."

Kristina akamshika farasi wa baba yake, akamlisha malkia. Akasogeza askofu wake. "Cheki. Mfalme wako ana mahali pamoja tu pa kwenda, hapa." Akasogeza farasi. "Na hapa amekwisha. Farasi wako alikuwa anakaa mlangoni, baba. Akitoka kwenda kula, mlango uko wazi. Nilikutega."

Alois akaukodolea macho ubao. Mtu anatoa malkia mzima ili kulisha! Hata Geofrey asingethubutu. "Kwa hiyo nilikuwa nimefungwa?"

"Ungemla, umefungwa. Usingemla, ningekufunga baadaye."

"Kwa hiyo sijakuachia kitu."

"Hujaniachia kitu chochote."

Basi aibu ikamshika Alois mpaka masikioni. Miezi saba, shati jipya, maonyo mawili, na hata kushindwa kwake kulikuwa kumeshashindwa. Akaanza kukusanya kete, hajui aziweke wapi.

"Lakini ulidhani unashinda," Kristina akasema.

"Nilidhani."

"Ulidhani kabisa unashinda."

"Kristina, nimeshasema nilidhani. Nimeona malkia wa bure, nimedhani nashinda, nimekosea. Mara ngapi?"

"Ukaacha gemu katikati," Kristina akasema. "Baba, wewe. Ukaacha gemu katikati."

Alois alibaki na kete mkononi. Ilimchukua muda, msimcheke, alikuwa amechoka. Kisha ikamwingia, taratibu, kutoka mbali, kutoka stendi kule, akaelewa binti yake anasema nini. Akatafuta utani, akaupata, ulikuwa mzuri tu. Akaumeza.

"Iliniuma, baba," Kristina akasema, machozi yanadondoka ovyo kwenye ubao wa chuo. "Iliniuma sana. Nilikaa juu ya lile begi, kila anayekuja nadhani ni wewe."

Hakusema yameisha. Alois alilisubiri lile neno, halikuja, na hakuelewa kwa nini anaambiwa kwamba ameumiza na yeye anajisikia kama mtu aliyetuliwa tenga la karoti mgongoni. Akamsogezea leso yake, yenye grisi. Kristina akaipokea hivyo hivyo.

Walikaa hadi Mwalimu Shakila akaanza kupanga viti. Alois akamshika yule askari wake wa kwanza, ambaye alikuwa bado amesimama palepale tangu hatua ya pili.

"Na huyu je? Mbona hukumla? Ulimjua?"

"Nilimjua."

"Sasa?"

"Ningemla ningelia, baba. Nilikuwa na mechi."

Alois akaitikia kwa kichwa, ingawa ukimuuliza leo atakuambia hiyo bado anaifikiria. Nje Abdi alikuwa anawasubiri na baiskeli yake, mnyororo umetoka tena. Alois akachuchumaa kuurudisha, na bila kumtazama binti yake akauliza basi la Dar ni lini.

"Ijumaa. Saa mbili asubuhi, Msamvu."

"Naweza kuja kukusindikiza?"

Kristina akajifuta uso kwa ile leso, akabaki na doa jeusi la grisi kwenye shavu. "Njoo," akasema. "Lakini tiketi nitaishika mwenyewe."

"Ishike," akasema Alois.